Rada ya kupenya ardhi: inaonaje bomba lililofukiwa na nondo inayoliwa na kutu?

Ukimwona mtu anasukuma kigari kama cha kukatia nyasi juu ya lami, macho hayabanduki kwenye skrini, mara anarudi hatua mbili nyuma na kupuliza alama ya rangi chini, usidhani anapima urefu wa barabara. Anatafuta kilichofukiwa. Kifaa hicho ni rada ya kupenya ardhi, kwa kifupi GPR. Hutumika sana kwa kazi mbili: kujua mabomba na kebo zilipopita kabla katapila halijaanza kuchimba, na kujua kama slabu ya zege ya daraja imeanza kuharibika kwa ndani.

Wengi huichukulia kama eksirei ya ardhi. Eksirei lakini huingilia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Rada hukaa upande mmoja tu, inapiga ukelele na kutega sikio. Antena iliyo chini ya kigari hutuma pigo fupi mno la mawimbi ya redio. Wimbi likitoka kwenye kitu cha aina moja na kuingia cha aina nyingine, tuseme kutoka udongo kwenda chuma, sehemu yake hurudi juu kama mwangwi. Kwa hiyo rada haioni bomba kama bomba. Inachoona ni badiliko.

Hapo ndipo zinapotoka tabia zake za ajabu. Chuma hurudisha karibu wimbi lote, ndiyo maana bomba la chuma hung'ara kwenye skrini na kuficha kilicho chini yake. Bomba la plastiki lililojaa maji huonekana vizuri, kwa sababu maji hutofautiana mno na udongo unaoyazunguka. Bomba lilelile likiwa tupu ndani ya mchanga mkavu linaweza kupitwa bila kuonekana. Mafundi wenye busara hulaza waya wa shaba sambamba na bomba la plastiki wakati wa kulifukia, ili baadaye litafutwe kwa kifaa kingine kinachonasa uga wa sumaku wa waya wenye umeme. Kifaa hicho na rada huenda pamoja. Anayekuja na kimoja tu amekuja nusu.

Skrini nayo ina mtego wake. Inachopima rada ni muda, kina hukisiwa kutokana na muda huo. Hewani wimbi husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ndani ya zege kavu au udongo wa kawaida hushuka hadi kama sentimita 10, na udongo ukilowa hushuka zaidi. Chukua mwangwi uliorudi baada ya nanosekunde 20, kwenda na kurudi. Kama kasi ni sentimita 10, kitu kiko mita 1 chini. Kama udongo umelowa na kasi ni sentimita 6, kitu hichohicho kiko sentimita 60. Anayechimba akiamini ile mita moja atakuwa ameshalipasua bomba.

Bomba lenyewe huonekana kama upinde uliofunikwa, mgongo juu na miguu ikishuka pande mbili. Si kwamba bomba lina umbo hilo. Mawimbi hutanuka kama mwanga wa tochi, kwa hiyo antena hulisikia bomba kabla haijalifikia. Umbali hupungua hadi antena iwe juu yake barabara, halafu huongezeka tena. Kilele cha upinde ndipo bomba lilipo. Ila upinde huo hutokea ukilikata bomba kwa kuvuka. Ukitembea kwa kulifuata, utapata mstari wa ulalo unaofanana na tabaka la udongo, nawe utapita juu yake bila habari. Ndiyo sababu eneo hupitiwa kwa mistari ya kwenda na ya kukingama. Jiwe moja kubwa nalo huchora upinde; upinde ukijirudia mahali pamoja katika mistari mitano mfululizo, hapo ndipo uanze kuamini.

Masafa ya wimbi, yaani mara ngapi linatetema kwa sekunde, huamua mengine. Kutafuta mabomba hutumika antena za megahezi 200 hadi 500, kwa zege gigahezi 1 hadi 2.6. Masafa ya juu huonyesha vitu vidogo lakini hayaendi mbali. Adui mkubwa kuliko wote ni udongo wa mfinyanzi uliolowa, na maji yenye chumvi. Vyote viwili hupitisha umeme, na kinachopitisha umeme hulimeza wimbi. Mahali kama hapo rada inaweza kuishia nusu mita au pungufu, hata mashine ikiwa ghali kiasi gani.

Sasa panda darajani, uone mambo yanavyogeuka. Nondo ndani ya zege hulindwa na alikali ya saruji. Chumvi ikipenya, ya baharini au ile inayomwagwa kuyeyusha barafu katika nchi za baridi, ulinzi huo huvunjika na kutu huanza. Kutu huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo hulisukuma zege mpaka lipasuke kwa ulalo, usawa wa nondo. Juu hakuna kinachoonekana. Njia ya zamani ni kuburuta mnyororo juu ya slabu: palipo pazima hulia kwa mlio mkali, palipoachana hulia kama debe tupu. Ni njia nzuri, na hadi leo sijaona sababu ya kuidharau, lakini hushika ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

Rada hufuatilia kitu kingine. Nondo nzima kwenye zege kavu hurudisha mwangwi wenye nguvu. Pale unyevu na chumvi vilipopenya, mwangwi hufifia njiani. Chumvi ile iliyokuwa ikimharibia kazi mtafuta mabomba, hapa ndiyo inayotoa ushahidi. Antena zinazofungwa kwenye gari, juu kidogo ya lami, huweza hata kupima bila daraja kufungwa.

Mkaguzi mzuri hafurahii haraka kila anapoona mwangwi dhaifu. Nondo iliyolazwa chini zaidi hufifia yenyewe, hata kama zege ni zima, hivyo namba husahihishwa kwanza kwa kina. Baadaye hutobolewa kiini cha zege, yaani kipande cha mviringo, mahali mwangwi ulipofifia, na kingine ulipo na nguvu, vikapimwe chumvi maabara.