Ukikamatwa Uingereza, kukaa kimya kuna gharama yake
Wengi tumekariri kwenye muvi za Kimarekani kwamba ukikamatwa we funga mdomo tu, ukimya haumdhuru mtu. England na Wales sio hivyo tangu ije sheria ya 1994. Haki ya kunyamaza ipo, hakuna wa kukulazimisha, ila polisi akikusomea lile onyo sikiliza kale kasehemu ka katikati: usipotaja unapohojiwa jambo utakalolitegemea baadaye mahakamani, utetezi wako unaweza kuharibika. Yaani umedakwa na simu ya wizi, kituoni kimya, halafu kortini ndo unaibuka na "niliinunua sokoni", juri wanaruhusiwa kujiuliza mbona siku ile hukusema. Ukimya peke yake lakini hautoshi kukutia hatiani, na wakili wa kituoni ni bure, hata saa nane usiku.