Elki mmoja, bei tatu: maana ya "mwindaji asiye mkazi"

Mtu wa Dodoma akienda kutembea Hifadhi ya Ruaha, kiingilio chake langoni ni kile kile cha mtu wa Iringa. Bei ya juu, ile ya dola, inamhusu mgeni aliyetoka nje ya nchi. Tumeizoea, na wengi wetu tunaiona ya haki. Kwa wanaowinda wanyama wakubwa Marekani, mambo ni tofauti. Huko hata raia wa nchi hiyo hiyo ni mgeni, ikiwa tu anaishi jimbo jingine. Kisheria huitwa mwindaji asiye mkazi, na jina hilo ndilo linaloamua atalipa kiasi gani, atapata nafasi au hapati, na mahali pengine hata kama anaruhusiwa kuingia porini bila kiongozi.

Tuchukue jimbo la Wyoming, na tuchukue elki, mnyama wa jamii ya ayala mwenye pembe za matawi, ambaye dume lake huwa zito kuliko nyumbu. Leseni ya elki mmoja kwa mkazi ni dola 57. Kwa asiye mkazi ni dola 692, yaani kama mara 12. Kisha ipo bei ya tatu. Leseni za elki za wasio wakazi hutolewa kwa bahati nasibu, na asilimia 40 yake huwekwa kando katika bahati nasibu ya pekee iitwayo "maalumu". Anayeingia humo anaomba maeneo yale yale, msimu ule ule, mnyama yule yule. Anachonunua ni kushindania nafasi na watu wachache zaidi. Leseni hiyo ilikuwa dola 1,268. Kuanzia msimu wa 2024 ni dola 1,950, zaidi ya mara 34 ya anayotoa mkazi. Na anayetaka kujiongezea nafasi mwaka ujao hununua pointi ya elki, alama ya kumtanguliza kwenye bahati nasibu, kwa dola 52, pesa ambayo haimpi hata ruhusa ya kubeba bunduki msituni. Ni kama kulipia foleni.

Jimbo linapata wapi mamlaka ya kufanya hivyo? Ardhi na mnyama wana wenyewe tofauti. Karibu nusu ya ardhi ya Wyoming ni mali ya serikali kuu, kwa maana nyingine ni ya Wamarekani wote. Lakini mnyama anayelisha juu ya ardhi hiyo yuko chini ya uangalizi wa jimbo, kwa niaba ya wananchi wake. Kwa hiyo mtu wa Florida ana haki ya kupiga hema kwenye mlima huo kama mtu wa Wyoming, ila kwa elki anayepita mbele ya hema lake yeye ni mgeni kabisa.

Jambo hili lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Huko Montana, mwaka 1976, mkazi aliweza kuwinda elki kwa leseni ya dola 9, wakati asiye mkazi alilazimika kununua leseni ya jumla, yenye wanyama wengine ndani yake, kwa dola 225. Waliopinga walishindwa mwaka 1978. Majaji walio wengi waliona kwamba kuwinda elki ni burudani, si riziki, na kwamba haki ya kuwinda katika jimbo la wengine si miongoni mwa zile zinazowaunganisha Wamarekani kuwa taifa moja. Mwaka 2005 Bunge la nchi nalo likathibitisha kwa sheria kwamba majimbo yanaweza kuwatofautisha wakazi na wasio wakazi. Tangu hapo mlango wa mahakama ni mwembamba sana kwa anayelalamikia bei.

Sasa kwa nini bei inapanda? Kwanza, mgeni hapigi kura. Idara za wanyamapori za majimbo hutegemea sana pesa za leseni, na mbunge wa jimbo akitakiwa kuziba pengo la bajeti, ni rahisi kumwongezea dola mia tatu mtu wa Texas kuliko kumwongezea dola kumi jirani yake. Pili, wakazi wanalalamika kwamba pori limejaa watu, na malalamiko yao si ya uongo. Idaho iliwawekea wasio wakazi kikomo cha vibali vya ayala na elki, na kwa msimu wa 2021 ikapandisha kibali chao cha elki kutoka dola 416.75 hadi 651.75. Wyoming nayo, kwa sheria ya 2022, iliamua asilimia 90 ya leseni za kondoo mwitu wa milimani na za wanyama wengine wachache ziwe za wakazi. Ukiwapunguzia wageni nafasi na bado unahitaji pesa zao, kila nafasi iliyobaki lazima iwe ghali.

Mkazi kutangulizwa sina tatizo nako. Yeye ndiye anayeishi na theluji ile, na elki wanaokula nyasi kavu alizowawekea ng'ombe wake. Lakini bunduki ya kuwindia na risasi hutozwa kodi ya serikali kuu ya asilimia 11, na kwa sheria ya 1937 pesa hizo hurudi kwenye majimbo kwa ajili ya wanyamapori. Mgeni huyu amekwisha kuchangia kabla hajavuka mpaka. Kinachoniuma hasa ni ile leseni "maalumu". Kumtoza mgeni zaidi ni jambo moja. Kuwapanga wageni wenyewe kwa unene wa pochi ni jambo jingine. Fundi magari wa Ohio aliyeweka akiba miaka mitano hawezi kushindana na daktari wa upasuaji, ingawa wote wawili ni wageni sawasawa.

Gharama haiishii kwenye leseni. Katika mapori asilia ya serikali kuu yaliyotengwa kisheria, Wyoming inamtaka asiye mkazi anayewinda wanyama wakubwa awe na kiongozi mwenye leseni, au mkazi aliyepewa kibali cha kumsindikiza bila malipo. Mtu huyo huyo akija na ndoana ya kuvulia samaki badala ya bunduki, anaingia peke yake.

Na ukazi wenyewe haununuliwi. Kuwa na nyumba au shamba Wyoming hakutoshi. Lazima mtu awe ameishi huko mwaka mzima, na aliyehamia kutoka jimbo jingine, hata kama ameshaanza kazi na watoto wanasoma pale, msimu wake wa kwanza huwinda kwa bei ya mgeni.