Jiko la kambini: anza na gesi, jiko baadaye

Kazi yangu ni kupika kambini na kuwaandalia watu vifaa vya safari hapa Dar. Anayeniuliza achukue jiko gani, namuuliza kwanza anakwenda wapi na atapata wapi gesi. Jiko likiwa zuri namna gani, gesi yake ikikosekana huko uendako, umebeba chuma tu.

Mnaokwenda na gari ufukweni Kigamboni au Bagamoyo, chukueni mtungi mdogo wa kilo 6, ule ambao jiko lake hufungwa juu moja kwa moja. Unapikia familia nzima, na kuujaza ni hapo mtaani. Ubaya wake ni uzito: hizo kilo 6 ni za gesi peke yake, chuma bado.

Anayepanda Uluguru kwa miguu anahitaji jiko dogo la kukunja na vikopo vya gesi. Hapo angalia mdomo wa kikopo. Kuna vya kufunga kwa kuzungusha na kuna vile virefu vya kupachika, na jiko la kimoja halikai kwenye kingine. Angalia pia ndani kuna gesi gani. Butani ikifika karibu na nyuzi 0 haigeuki tena kuwa mvuke, wakati propani huendelea kutoka hata nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa joto la Dar huwezi kuijua tofauti hiyo, ila kwenye kambi za juu za Kilimanjaro utawasha kiberiti na jiko lisishike. Kwa huko tafuta kikopo chenye mchanganyiko wa propani. Jiko la pampu la mafuta ya taa nalo hufanya kazi kwenye baridi, lakini linataka mkono uliolizoea.

Kabla ya safari funga jiko uani, fungua gesi bila kuwasha, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu likichemkachemka mahali pamoja, gesi inavuja hapo. Mara nyingi ni kile kijimpira cha duara kimekauka au kupasuka; badilisha, usikaze kwa nguvu ukidhani kitaziba. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini: kwenye buti la gari, kwenye sakafu ya hema. Ukisikia harufu, funga, ondoa watu, acha upepo upite. Usiguse swichi wala kiberiti.

Upepo wa kusi ukivuma ufukweni, watu huzungushia jiko mabati au mawe pande zote. Kwa jiko lililokaa juu ya kikopo, hilo ni hatari kubwa, na sufuria pana huzidisha kwa kurudisha joto chini. Kinga upande unaotoka upepo tu, na uguse kikopo mara kwa mara. Kikiwa cha moto, zima.

Sasa hema. Masika mvua inanyesha, au uko Lushoto baridi imeshika, na mtu anaingiza jiko ndani. Nawaomba sana msifanye hivyo, hata zipu ikiwa wazi. Hema huungua haraka sana, na jiko linalokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mkaa ndio mbaya zaidi, maana ukishakolea na moshi ukaisha watu huona uko salama, kumbe hapo ndipo unapoendelea kuitoa. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi, kwa hiyo aliyelala hashtuki. Mtoe nje mara moja na mkimbize hospitali. Kama mvua imezidi, funga turubai juu, pande ziwe wazi, pikia hapo.

Ukimaliza, funga gesi kwenye mtungi, subiri jiko lipoe ndipo ulifungue. Garini mtungi usimame wima, ufungwe kamba, dirisha liwe wazi, na usiuache humo gari likiwa juani. Vikopo vya gesi haviruhusiwi kwenye ndege, hata kwenye begi la mizigo, kwa hiyo anayeruka kwenda Kilimanjaro apange kuvinunua Moshi au Arusha.