Kerneli mpya, seva nzito: namna ya kulipata badiliko lenye kosa

Umepandisha toleo la kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi. Mashine ni ileile, programu ni zilezile, ila kazi iliyokuwa ikimalizika kwa dakika 10 sasa inafika 12. Kabla ya kuilaumu kerneli, kichunguze kipimo chako.

Prosesa za leo hubadilisha kasi zenyewe kufuata joto na mzigo. Weka kidhibiti cha kasi kwenye `performance`, ili prosesa isipunguze kasi yenyewe. Kwa prosesa ya Intel inayotumia kiendeshi cha kasi cha `intel_pstate`, zima turbo (kasi ya ziada ya muda) kwa kuandika 1 kwenye `/sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo`. Rudia jaribio walau mara 10 kwa kila kerneli, ukiwasha mashine upya katikati. Kama kerneli moja peke yake inayumba kwa asilimia 5, tofauti ya asilimia 3 haikuambii lolote.

Linganisha pia faili za usanidi zilizoko `/boot`, kisha soma `/sys/devices/system/cpu/vulnerabilities`, panapoonyesha kinga za udhaifu wa prosesa. Kinga dhidi ya Meltdown na Spectre, udhaifu wa prosesa uliotangazwa Januari 2018, hula kasi, hasa kwa programu zinazoiita kerneli mara kwa mara. Ukiwasha kerneli kwa kigezo cha `mitigations=off`, kinachozima kinga hizo, na kasi ikarudi, umeshajua chanzo. Fanya hivyo kwenye mashine ya majaribio tu, kamwe si kwenye seva yenye data za watu.

Usipopata jibu hapo, ingia kwenye msimbo. Toleo moja hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini `git bisect`, amri ya Git (programu inayotunza historia ya msimbo), huyakata nusu kwa nusu, hivyo hatua kama 14 zinatosha. Kila hatua unajenga kerneli, unaiwasha, unapima, unajibu `good` (kasi ni ya zamani) au `bad` (imezorota). `make localmodconfig` hufupisha sana ujenzi kwa kuacha moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa vikihitajika) ambazo mashine yako haizitumii. Kerneli isiyowaka jibu lake ni `git bisect skip`, usikisie. Jibu moja la uongo hukuingiza nusu isiyo na kosa, na hatua zote zinazofuata zitakupeleka kwa badiliko lisilohusika. Ndiyo maana tumeanza na kipimo.

Ukishalipata, litengue hilo pekee juu ya toleo jipya kwa `git revert`, upime tena. Kasi isiporudi, bado hujalipata. Ikirudi, tumia `perf stat` na `perf diff`, amri za zana ya vipimo ya Linux, kujua muda ulikuwa unapotelea wapi, kwa sababu badiliko lenye nia njema pia huumiza. Toleo la 6.7 lilianza kupanga maeneo makubwa ya kumbukumbu kwenye mipaka ya MB 2 ili kurasa kubwa (vipande vikubwa vya kumbukumbu vinavyosimamiwa kwa pamoja) zitumike zaidi. Jaribio la cactusBSSN, mojawapo ya majaribio ya kasi ya kompyuta ya SPEC, likazorota vibaya kwenye baadhi ya mashine: maeneo yaliyokuwa yakipakana na kuungana sasa yaliachwa na mapengo katikati. Tiba haikuwa kulifuta badiliko zima. Upangaji ulibakizwa kwa maeneo ambayo ukubwa wake unagawanyika kwa MB 2 bila baki.

Ripoti yako iwe na kitambulisho cha badiliko, usanidi, aina ya prosesa, na vipimo vyote vya kabla na baada, si wastani peke yake. `scripts/get_maintainer.pl` itakutajia wanaopaswa kuipokea.