Mgeni wa kipindi hakuja kupiga soga

Kuna dhana kadhaa potofu kuhusu vipindi vya mahojiano vya televisheni. Ya kwanza: wengi hapa Unguja huviona kuwa mambo ya juzi, yaliyoingia pamoja na visimbusi. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake, tena ya rangi, tangu 1973. Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo mtu kuketi kitini akahojiwa si jambo geni machoni mwa wazee wetu. Kigeni ni mlipaji. TVZ, hiyo televisheni ya Zanzibar, ilikuwa ya serikali. Vituo vingi tunavyotazama leo vinaishi kwa matangazo, udhamini na ada ya kisimbusi.

Hapo inazaliwa dhana ya pili, kwamba kipindi ni cha mtazamaji. Sivyo. Mteja wa kituo ni mwenye biashara anayenunua dakika za matangazo, na bei ya dakika hizo hutegemea ni watu wangapi, na wa aina gani, wametulia mbele ya kioo. Maongezi yapo ili watu wasiondoke kabla ya tangazo.

Ya tatu ndiyo nzito: mtangazaji ana mkono mkunjufu. Mfano wake maarufu uko Chicago, Marekani. Tarehe 13 Septemba 2004 Oprah Winfrey, mtangazaji wa kipindi cha mahojiano, aliwagawia watu 276 waliokuwa ukumbini gari moja moja, wakalia kwa furaha. Magari hayo, Pontiac G6, yalitolewa na kampuni yenyewe iliyokuwa ikizindua toleo jipya, na dunia nzima ikaitangaza. Waliopewa nao wakakuta wanadaiwa kodi ya mapato ya maelfu ya dola, maana zawadi kule huhesabiwa kuwa kipato. Basi hapa kwetu ukiona kapu la futari likitolewa kwenye kipindi cha Ramadhani, soma jina lililoandikwa kwenye kapu. Sisemi usilipokee.

Wapo wanaosema ni porojo tu, hazimgusi mtu. Mwaka 1996 Oprah alisema hewani kwamba habari za ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe zimemtoa hamu ya kula baga. Bei ya ng'ombe ikashuka, wafugaji wa Texas wakamshitaki, na mwaka 1998 baraza la wazee wa mahakama mjini Amarillo, Texas, likampa yeye ushindi. Sentensi moja, kesi ya mamilioni ya dola.

Na ile dhana kwamba televisheni ndiyo iliyotufundisha kuzungumza mambo ya ndani? Hapana. Kungwi na somo wameyazungumza miaka na miaka bila kuficha, na kanga na taarabu zimeyasema kwa mafumbo hadharani. Ila somo humfunda mwari ndani ya chumba, na yanayosemwa humo hayatoki. Kwenye kipindi, kutoka nje ndiyo biashara yenyewe: mume aliyekimbia, mkwe mkorofi, machozi yanayovutwa karibu na kamera muda mfupi kabla ya mapumziko ya matangazo. Sitara, ambayo kwetu ni heshima ya nyumba, kule ni hasara. Kwa hili nawaunga mkono wanaolalamika, ingawa wengi wao humlaumu mtangazaji na kumsahau mdhamini.

Mgeni naye? Mara nyingi ana kitu mkononi: kitabu, albamu, kliniki, kura. Sikiliza dakika za mwisho, utakisikia kikitajwa pamoja na namba ya simu.