Uuzaji wa maziwa ya kopo ya watoto kwa kuwajibika, maana yake nini hasa

Wengi wakisikia kuna kanuni ya kimataifa kuhusu maziwa ya kopo ya watoto wanadhani imeyapiga marufuku. Sio hivyo kabisa. Yanauzwa kihalali na kuna watoto wanayahitaji kweli, mama kafariki, au yuko kwenye dawa zisizopatana na kunyonyesha, au kaamua mwenyewe kwa sababu zake na hilo ni lake. Kinachobanwa ni namna kampuni inavyomfuata mzazi kumshawishi.

Kanuni yenyewe ilipitishwa Mei 1981 kwenye Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, nchi 118 zikakubali, Marekani peke yake ikapinga, tatu hazikuchagua upande. Kabla ya hapo kampuni zilikuwa zinatuma wanawake waliovaa sare kama za manesi mpaka wodini wakiwagawia wazazi makopo, kelele zikawa kubwa, na 1977 watu Marekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé, moja ya kampuni hizo.

Sasa kwa kanuni hii kuwajibika ni nini? Usitangaze kwa umma, usimpe mama sampuli ya bure, usimpe daktari au nesi zawadi ili akupigie debe, usiweke picha ya mtoto mnono kwenye kopo. Chupa na chuchu bandia nazo zimo.

Hiyo ya sampuli ndo watu wanaiona ndogo, eti zawadi tu ina ubaya gani, ila mimi naona ndo mbaya kuliko zote. Maziwa ya mama yanatengenezwa kadiri mtoto anavyonyonya, akinyonya sana yanakuja mengi, akinyonya kidogo mwili nao unapunguza, kwa hiyo mtoto akipewa kopo la bure siku zile za mwanzo ananyonya mara chache, maziwa yanapungua, mama anaona kumbe kweli sina maziwa ya kutosha, anaongeza kopo, na kopo la bure likiisha yanayofuata ananunua. Kama hela hazitoshi ataanza kuyazimua kwa maji mengi na mtoto anadhoofika huku tumbo limejaa. Yani mama hakukosea popote hapo, aliingizwa mtegoni.

Mbinu nyingine ni ile ya maziwa ya watoto wakubwa kidogo, namba mbili, namba tatu, kopo linafanana na la mtoto mchanga rangi kwa rangi, kwa hiyo tangazo la hili linauza na lile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 ulifafanua kwamba maziwa yote yanayouzwa kwa watoto mpaka miezi 36 yanahesabika chini ya kanuni hii. Siku hizi tena kuna mitandao, group za akina mama zinazoendeshwa na kampuni, watu maarufu wanalipwa kusifia, simu inakuletea ofa ukishajisajili tu kwamba una mimba, na mama aliyechoka saa nane usiku anadhani anashauriwa na rafiki. Hilo linaniuma sana.

Udhaifu ni kwamba kanuni hii peke yake sio sheria, kila nchi inabidi iiingize kwenye sheria zake, zingine zimeibana vizuri, zingine zimechukua vipande, na kampuni ileile inaweza kuwa na adabu huku na kule ikafanya inavyotaka.

Na anayetumia kopo analindwa pia. Lebo inatakiwa iseme wazi kwamba maziwa ya mama ni bora, ieleze kuandaa hatua kwa hatua na hatari za kukosea. Unga huo sio kwamba hauna vijidudu kabisa, ndo maana Shirika la Afya Duniani linasema uchanganywe na maji yaliyochemshwa yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70, halafu upooze mpaka yawe vuguvugu ndo umpe mtoto, na kijiko cha unga kiwe kilekile cha kwenye kopo, usizidishe wala usipunguze. Maelezo ya hivi mama ayapate kwa mtu wa afya asiyelipwa na anayeuza.