Picha za uvimbe wa ubongo: yasemwayo na yaliyo kweli

Mgonjwa wa kichwa akitolewa Lamu kwenda kupimwa, huvuka kwa boti hadi Mokowe, kisha ashike barabara ya Mombasa. Ni safari ndefu kwa mtu anayetapika. Inaniuma ikirudiwa kwa sababu jamaa hawakuelewa wametumwa kipimo gani.

“Mashine zote ni mamoja.” Sivyo. CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, hutumia miale ya eksirei. Ya kwanza kwa mgonjwa ilipigwa London mwaka 1971. Huchukua dakika chache, na hung'amua haraka damu iliyovuja au maji yaliyojaa ubongoni. Aliyezimia ghafla huanzia hapo. Lakini uvimbe mdogo, hasa sehemu ya nyuma na chini ya ubongo penye mifupa minene, waweza kuipita. Basi kama kifafa kimemwanza mtu ukubwani, CT safi haiondoi shaka yote.

“MRI huunguza ubongo.” Hofu hii imekaa pasipo pake. MRI ni sumaku kali na mawimbi ya redio, haina miale kama ya CT. Ina kelele, na mgonjwa hulala tuli nusu saa au zaidi. Mzee aelezwe mapema, azibwe masikio. La kuogopa ni chuma. Kina mama wavue vipini, pete na hirizi za bati, wafute na wanja, maana baadhi yake una chembe za madini. Fundi aliyewahi kurukiwa na chembe ya chuma jichoni aseme kabla ya kuingia, na mwenye kifaa cha kuendesha moyo vilevile. Kwa kuonyesha uvimbe umefika wapi, MRI yenye dawa ya kudungwa mshipani ndiyo tegemeo la madaktari.

“Kilicho ghali ndicho bora.” PET, kipimo cha tatu na cha ghali, kwa kawaida hufuata sukari yenye mionzi iliyotiwa mwilini. Ubongo mzima hula sukari nyingi, kwa hiyo wote hung'aa na uvimbe hujificha humo humo. PET hufaa zaidi baada ya tiba, kutenganisha uvimbe uliorudi na kidonda kilichoachwa na tiba ya mionzi, tena kwa dawa nyingine isiyo sukari.

“Picha imesema ni saratani.” Jipu la ubongo, hata kifua kikuu kilichopanda kichwani, huweza kufanana nayo. Jina la ugonjwa kwa kawaida huthibitishwa maabara, kwa kipande kilichokatwa. Na picha za zamani msiziache nyumbani: daktari huzilinganisha na mpya aone kama uvimbe umekua.